Mocímboa da Praia: Jinsi mzozo ulioanzia msikitini ulivyouvunja mji wa pwani ya Msumbiji

Alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, wakazi wa mji mdogo wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, waliamshwa na milio ya risasi. Kundi la watu wapatao 30 lilikuwa limevamia vituo vitatu vya polisi, likaua askari na kupora silaha. Kulipokucha, wakazi wengi walishtushwa na jambo jingine: baadhi ya washambuliaji walikuwa vijana wanaowafahamu, waliokulia katika mitaa hiyo hiyo na kuswali katika misikiti hiyo hiyo.

Shambulio hilo ndilo linalohesabiwa kuwa mwanzo wa vita vya jimbo la Cabo Delgado. Kwa hesabu za taasisi ya ACLED, inayofuatilia migogoro duniani, vita hivyo vimeua zaidi ya watu 6,000. Kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, kuna wakati watu wapatao milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao.

Vita hivi huzungumzwa zaidi kwa kutajwa gesi asilia, ugaidi wa kimataifa na majeshi ya kigeni. Lakini kwa watu wa Mocímboa da Praia, vilianza kama ugomvi baina ya waumini wa dini moja, na mara nyingine baina ya baba na mwana. Asili hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kuujenga upya mji huo ni kazi ngumu kuliko kuukomboa.

Mji wenyewe ni upi?

Mocímboa da Praia upo kwenye ufukwe wa Bahari ya Hindi, kusini mwa mji wa Palma na karibu kilomita 100 kutoka mto Ruvuma, unaoitenganisha Msumbiji na Tanzania. Maneno "da Praia" ni ya Kireno, yenye maana ya "wa ufukweni", na huutofautisha mji huu na Mocímboa nyingine iliyo bara, karibu na mto huo.

Kabla ya vita mji ulikuwa na wakazi wapatao 30,000, bandari ndogo, uwanja wa ndege na soko lililolisha wilaya za jirani. Wavuvi na wachuuzi wake walisafiri hadi Mtwara, na bidhaa za Tanzania zilijaa madukani. Ni sehemu ya dunia ile ya kale ya majahazi iliyounganisha visiwa vya Quirimba na Kilwa na Zanzibar. Watu wa pwani hii, Wamwani, huzungumza Kimwani, lugha iliyo karibu sana na Kiswahili, na wengi wao ni Waislamu. Pamoja nao wanaishi Wamakua, na Wamakonde, ambao wengi wao ni Wakatoliki wenye asili ya nyanda za juu za Mueda.

Wamakonde wana nafasi ya pekee katika historia ya taifa hilo. Mauaji ya Mueda ya Juni 1960 yalichochea harakati za ukombozi, na risasi za kwanza za vita vya chama cha Frelimo dhidi ya Wareno zilipigwa Chai, katika jimbo hili hili, tarehe 25 Septemba 1964. Baada ya uhuru wa mwaka 1975, wapiganaji wa zamani walipata vyeo na malipo ya uzeeni, na sehemu kubwa ya manufaa hayo iliwafikia Wamakonde. Miongoni mwa Wamwani, ambao wengi waliunga mkono chama cha upinzani cha Renamo, ilikua hisia kwamba serikali ni ya wengine.

Hisia hiyo ililipuka Septemba 2005. Baada ya uchaguzi mdogo wa meya ambao Frelimo ilitangazwa kushinda kwa kura chache, wafuasi wa vyama hivyo viwili walipambana mjini na watu kadhaa wakauawa. Mapambano yale yalikuwa ya kisiasa, lakini yalifuata mpaka wa kabila, na kwa kiasi fulani mpaka wa dini. Mji ulikuwa na ufa miaka 12 kabla ya vita vya sasa.

Ugomvi ulianzia wapi?

Mpasuko uliozaa vita haukuwa baina ya Waislamu na Wakristo. Ulikuwa baina ya Waislamu wenyewe.

Uislamu wa pwani ya Cabo Delgado kwa vizazi vingi umeongozwa na masheikh wa tarika, pamoja na maulidi, ziara za makaburi na hitima. Baada ya uhuru, Baraza la Kiislamu la Msumbiji, CISLAMO, lililoanzishwa mwaka 1981, lilileta mwelekeo wa mageuzi uliopinga baadhi ya desturi hizo. Pande hizo mbili zilibishana kwa miaka mingi, lakini zilibishana kwa maneno.

Kuanzia miaka ya 2000 liliibuka kundi la tatu. Mwanahistoria Eric Morier-Genoud amefuatilia chimbuko lake hadi mwaka 2007, katika wilaya ya bara ya Balama, ambako kijana aliyerejea kutoka Tanzania alianzisha msikiti wake mwenyewe. Huko Mocímboa da Praia kwenyewe, watafiti Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira walieleza katika utafiti wao wa mwaka 2019 kwamba kundi hilo lilionekana wazi kama jumuiya ya kidini karibu mwaka 2014, na likaanza kujiandaa kijeshi mwishoni mwa mwaka 2015.

Waumini wa kundi hilo walitambulikana haraka. Wanaume walivaa suruali fupi, wakafuga ndevu na kuingia msikitini na viatu. Waliwatoa watoto wao katika shule za serikali na kukataa mahakama zake, wakidai kwamba sheria ni ya Mwenyezi Mungu pekee. Wazee waliowafundisha kusoma Kurani waliwaita wapotofu.

Kwa asiyeishi pwani, suala la viatu msikitini huenda likaonekana dogo. Lakini katika mji ambamo mtoto humwamkia kila mzee njiani, kijana kukanyaga mkeka wa msikiti kwa viatu mbele ya mwalimu wake kulimaanisha kwamba hatambui tena mamlaka ya mtu yeyote.

Viongozi wa dini hawakunyamaza. Waliwafukuza vijana hao misikitini na kuziarifu mamlaka za serikali kuhusu kundi hilo. Mara kadhaa kabla ya mwaka 2017 polisi waliingilia kati na kuwakamata baadhi yao. Lakini kwa ujumla suala hilo lilichukuliwa kama ugomvi wa Waislamu wenyewe kwa wenyewe. Waliofukuzwa walijenga misikiti yao, ukiwemo mmoja katika mtaa wa Nanduadua mjini humo, na humo waliendelea kukusanya wafuasi bila wazee kuwepo kuwapinga.

Kundi hilo lilijulikana kwa majina ya Ahlu Sunnah wal Jamaa na Ansar al-Sunna, lakini wenyeji waliliita al-Shabaab, yaani vijana, ingawa halikuwa tawi la kundi la Somalia lenye jina hilo.

Kwa nini vijana walifuata?

Mafundisho hayo yalivuka mipaka kwa lugha ambayo wasomaji wa ukurasa huu wanaielewa. Rekodi za mahubiri ya Kiswahili, yakiwemo ya Sheikh Aboud Rogo wa Mombasa aliyeuawa Agosti 2012, zilisambaa kusini hadi Msumbiji. Vijana wengine walisoma Tanzania au nchi za mbali zaidi na kurejea wakiwa na elimu ya dini iliyowazidi wazee wao, lakini bila nafasi katika misikiti ya nyumbani.

Mahubiri hayo yaliwakuta watu wenye manung'uniko. Cabo Delgado ni miongoni mwa majimbo maskini zaidi ya Msumbiji, na kwa muda mrefu limekuwa likiitwa "rasi iliyosahauliwa". Mwaka 2009 yakiti ziligunduliwa Montepuez, na mapema mwaka 2017 vyombo vya usalama viliwatimua maelfu ya wachimbaji wadogo. Kuanzia mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa baharini katika bonde la Ruvuma, na familia za rasi ya Afungi, karibu na Palma, zikatakiwa kuhama kupisha mitambo. Vijana wa pwani waliona meli na magari yakipita, lakini ajira nyingi zikaenda kwa watu wa kutoka mbali.

Watafiti wanatofautiana kuhusu uzito wa kila sababu. Wapo wanaoweka umaskini mbele, na wapo wanaosisitiza itikadi. Historia ya mji huu inaonyesha kwamba vyote viwili vilihitajiana: manung'uniko yalikuwa ya wengi, nalo kundi likayapa jina, adui na ahadi.

Kutoka vituo vya polisi hadi bandarini

Baada ya shambulio la Oktoba 2017 serikali ilifunga misikiti kadhaa na kuwakamata mamia ya watu. Mwaka 2018 washtakiwa 189, wakiwemo raia wa Tanzania, walifikishwa mahakamani katika mji wa Pemba, makao makuu ya jimbo, na wengi wao baadaye wakaachiwa huru. Wakati huo kundi lilikuwa tayari msituni, likichoma vijiji na kukata watu vichwa. Kuanzia katikati ya mwaka 2019 mashambulizi yake yalidaiwa na kundi la Dola la Kiislamu, IS.

Tarehe 23 Machi 2020 wapiganaji walirudi Mocímboa da Praia na kuushikilia mji kwa saa kadhaa. Walipandisha bendera yao, wakashambulia majengo ya serikali na benki, na kuwagawia baadhi ya wakazi chakula na mali walizopora. Walisema vita vyao ni dhidi ya serikali inayowadhulumu maskini. Baadhi ya wakazi walionekana kuwashangilia. Picha hizo ziliwaacha watu wa mji huo katika hali ya hatari: kwa askari wa serikali, kila aliyebaki mjini angeweza kuwa mshirika wa adui.

Shambulio la mwishoni mwa Juni liliharibu shule, hospitali na kanisa Katoliki la mji. Kisha, baada ya siku kadhaa za mapigano, wapiganaji waliiteka bandari tarehe 12 Agosti 2020. Waliushikilia mji kwa karibu mwaka mzima.

Anayetajwa kuongoza mashambulizi mengi ya kipindi hicho ni Bonomade Machude Omar, maarufu kwa jina la Ibn Omar. Taarifa za watafiti zinaeleza kwamba alikulia na kusoma katika mji huo huo. Waswahili wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa watu wa Mocímboa da Praia msemo huo ulikuwa maelezo ya jambo lililowapata. Omar aliuawa na majeshi ya Msumbiji Agosti 2023.

Watu walikwenda wapi?

Karibu wakazi wote walikimbia. Wengine walipita misituni kwa miguu hadi Mueda na Nangade. Wengine walipanda mashua na majahazi kuelekea kusini, na Oktoba 2020 maelfu ya watu kutoka wilaya za pwani walishuka kwenye ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba, wengi wakiwa hawana kitu. Mwishoni mwa mwezi huo chombo kimoja kilizama na kuua makumi ya abiria.

Vita vilivuka pia mto Ruvuma. Oktoba 2020 wapiganaji walishambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara na kuua watu. Baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi, UNHCR, lilisema zaidi ya raia 9,000 wa Msumbiji waliojaribu kuingia Tanzania mwaka huo walirudishwa. Kwa watu waliozoea kuvuka mto huo kwa biashara, ndoa na mazishi, mpaka haukuwahi kuwa mgumu kiasi hicho.

Wengine hawakupata nafasi ya kukimbia. Shirika la Human Rights Watch lilisema mwishoni mwa mwaka 2021 kwamba zaidi ya wanawake na wasichana 600 walikuwa wametekwa katika jimbo hilo tangu mwaka 2018. Wengi walilazimishwa kuolewa na wapiganaji au kuwatumikia. Nalo shirika la Amnesty International, katika ripoti yake ya Machi 2021, lilizituhumu pande tatu kwa uhalifu wa kivita: wapiganaji, majeshi ya serikali na kampuni binafsi ya kijeshi iliyokodiwa kuisaidia serikali. Serikali ilikanusha tuhuma dhidi ya majeshi yake.

Kukombolewa na kurejea

Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari na polisi 1,000 Cabo Delgado, na mwezi huo huo ukafuata ujumbe wa kijeshi wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC. Tarehe 8 Agosti 2021 majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliingia Mocímboa da Praia. Waliukuta mji uliokaribia kuwa mtupu, wenye paa zilizoungua na majengo ya umma yaliyovunjwa.

Wakazi walianza kurejea kwa wingi mwaka 2022. Shule na huduma za afya zilifunguliwa hatua kwa hatua, na soko likachangamka. Kiswahili kiliwasaidia wenyeji kuelewana na baadhi ya askari wa Rwanda, jambo lililowapa imani zaidi kuliko walivyokuwa nayo kwa askari wa nchi yao wanaotoka majimbo ya kusini na wasiojua lugha za pwani.

Hata hivyo, waliorejea hawakukuta mji ule ule. Baadhi ya nyumba zilikuwa na watu wengine. Uvuvi, ambao ndio uhai wa mji, uliwekewa vizuizi kwa nyakati tofauti kwa sababu za kiusalama, na mashamba ya mbali yakaachwa kwa hofu.

Jeraha lisiloonekana

Hasara iliyo ngumu zaidi kupimwa ni ya kuaminiana. Katika vita baina ya makabila au mataifa, mtu hujua adui yake ni nani. Hapa adui alikuwa mpwa, mwanafunzi wa zamani au mume wa jirani. Familia ile ile inaweza kuwa na mtoto aliyeuawa na wapiganaji na mwingine aliyejiunga nao. Mama wa kijana aliyekwenda msituni huishi na huzuni ya kumpoteza pamoja na lawama za majirani, huku akihofia kuitwa na wachunguzi.

Wanawake waliotoroka au kuokolewa utumwani wanarudi na watoto waliowazaa huko. Wapo wanaopokewa na jamaa, na wapo wanaonyooshewa vidole kama wake wa wapiganaji. Serikali kwa nyakati tofauti imewaita vijana walioko msituni wajisalimishe, lakini mtu anayerudi hukutana pia na hukumu ya mtaa, ambayo haina mahakama wala mwisho unaojulikana.

Misikitini nako kumebadilika. Kijana anayerudi kutoka masomoni nje ya nchi, au mgeni mwenye ndevu na kanzu fupi, hutazamwa kwa shaka hata kama hana kosa. Viongozi wa Kiislamu na Wakristo wa jimbo hilo wamekuwa wakitoa matamko ya pamoja na kukutana mara kwa mara ili vita visije vikageuzwa kuwa vya dini mbili. Wapiganaji wamechoma makanisa na kuua Wakristo, na IS hutangaza mauaji hayo kwa fahari. Lakini Waislamu ni wengi katika wilaya za pwani, na wengi wa walioathiriwa huko ni wao, wakiwemo masheikh waliowapinga vijana hao tangu mwanzo.

Hali ikoje sasa?

Ujumbe wa kijeshi wa SADC ulimaliza kazi yake mwaka 2024, lakini askari wa Rwanda walibaki. Septemba 2025, chini ya serikali ya Rais Daniel Chapo, wapiganaji waliingia tena katika mitaa ya Mocímboa da Praia na kuua watu, wengine kwa kukatwa vichwa. Maelfu ya wakazi, wakiwemo waliokuwa wamekimbia na kurejea mara moja au mbili, walifungasha virago tena. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilisitisha shughuli zake mjini humo.

Wakati huo huo mradi wa gesi wa kampuni ya TotalEnergies huko Afungi, wenye thamani ya dola bilioni 20 na uliosimamishwa Aprili 2021 baada ya shambulio la Palma, umekuwa ukirejeshwa. Novemba 2025 kampuni hiyo ilitangaza kuondoa zuio la kazi. Wapo wanaotumaini ajira na barabara. Wapo pia wanaohofia kwamba ulinzi utaizunguka mitambo na kuacha miji midogo ijitegemee.

Historia ya Mocímboa da Praia inaacha somo kwa pwani nzima, kutoka Cabo Delgado hadi Mtwara, Mombasa na Lamu. Wazee wa mji huu waliuona mpasuko mapema na wakatoa taarifa, lakini waliopaswa kusikia walidhani ni ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Wazee nao waliwafukuza vijana msikitini, na hapakuwa na mahali pengine ambapo pande hizo mbili zingekutana na kusikilizana. Majeshi yameweza kuurudisha mji mikononi mwa serikali. Kumrudisha kijana mbele ya mwalimu wake wa zamani, na mama yake mbele ya majirani, ni kazi ya wakazi wenyewe, nao hawawezi kuianza wakiwa bado wanalala na mizigo iliyofungwa tayari kwa safari nyingine.